Mbung'o Niliowabeba Mgongoni

Ikiwa unasomewa maneno haya huku umekaa kwenye benchi refu la hospitali, unasubiri kuchomwa kidole, sogea kidogo unipe nafasi. Benchi hilo nalijua. Nimelikalia wiki baada ya wiki mpaka nikajua msumari uliochomoza uko upande gani, na nikawa kila mara namwachia mgeni upande huo. Si tabia nzuri. Lakini ninayotaka kukusimulia ni mabaya zaidi, basi tuanze na madogo.

Mimi ni karani kwenye mgodi wa dhahabu, upande wa Geita. Kazi yangu ni kuandika majina ya watu wanaoshuka shimoni na kuyatia alama wanapopanda. Nilisoma hadi darasa la kumi, na siku zile nilihakikisha mtu analijua hilo kabla hajamaliza kunisalimu. Mbali na hapo mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu Jumamosi ikifika walikwenda kwenye ngoma. Mimi nilikwenda kukaa kwenye kigoda karibu na jiko la mke wangu, nile michembe ya viazi vitamu na karanga, nimtanie. Mke wangu ni Nkwimba, watu humwita Mama Limi kwa jina la binti yetu. Kazi ya kumtania niliifanya kwa bidii kuliko ile niliyoajiriwa.

Shida ilikuwa umbali. Kutoka kijijini kwetu hadi mgodini si mwendo wa kwenda na kurudi kwa miguu siku moja, kwa hiyo siku za kazi nililala kambini, chumba kimoja na wanaume watano, kila mmoja akikoroma kwa lugha ya kwao. Ndipo fundi mmoja Mzungu alipokuwa anarudi kwao akaiuza baiskeli yake, nami nikainunua.

Haikuwa baiskeli kama za watu. Ilikuwa ya mashindano. Magurudumu yake yalikuwa membamba kama kidole, haina karia ya mizigo, na usukani umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume, hata ukiipanda lazima uiname, kifua karibu kigonge magoti, mgongo umetandazwa juu kama meza. Nkwimba alipoiona aliweka ungo chini.

"Baba Limi, umetuletea panzi."

"Panzi huyu atanilaza nyumbani kila siku."

"Kila siku?" akasema. "Basi mrudishe. Nani aliyekwambia nakutaka kila siku?"

Lakini usiku ule aliisafisha kwa kitambaa cha kanga yake ya zamani, nami nikajifanya sikuona.

Sasa, kati ya kijiji chetu na mgodi kuna pori la miombo, na pori hilo lina mbung'o. Wewe unayetoka kwetu huna haja ya kuambiwa, lakini huenda msomaji mwingine ni wa mjini. Mbung'o ni nzi mkubwa anayeuma kama sindano ya moto, na baadhi yao hubeba malale, ugonjwa wa usingizi. Hupenda kitu kinachokwenda. Humfuata mtu, ng'ombe, lori, hutua mgongoni pako na kusafiri bure. Kwa sababu hiyo serikali iliweka kizuizi pale barabara inapotoka porini kuingia vijijini: banda la nyasi lenye giza, na mtu mwenye wavu mdogo na chupa. Kila anayetoka porini huingia bandani, hugeuzwa, hukaguliwa mgongo, shingo, mizigo, chini ya kiti cha baiskeli, na mbung'o wake hunaswa kabla hajawafikia walioko nyumbani.

Mwenye wavu alikuwa Mzee Masele. Hakusoma hata darasa moja, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wangu. Siku ya kwanza niliposimama mbele yake na panzi wangu, wanawake waliokuwa na mizigo ya kuni walikuwa bado wamekaa pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Inama nikukague." Akanitazama, akaitazama baiskeli. "Aa, kumbe umeshainama. Mzungu amekuuzia rukuu."

Wanawake wakacheka. Akaanza kunasa.

"Mmoja. Wa pili. Huyu wa tatu amelala kabisa. Karani, mgongo wako ni uwanja wa mkutano. Na hili koti la bluu la ofisini, hawa wadudu wanalipenda kuliko mkeo anavyokupenda wewe."

"Mzee, nitachelewa."

"Unachelewa wapi? Nyumbani? Mwanamume mzima anakimbilia jikoni?" Wanawake wakacheka tena.

Nilivumilia wiki mbili. Mimi ninayetania watu wote sikuweza kutaniwa na mtu wa wavu. Na barabara yenyewe, kiangazi kilipokolea, ilijaa mchanga. Magurudumu yangu membamba yalizama, nikawa nasukuma baiskeli mbele ya watu wanaokwenda kwa miguu wakinipita na kunipa pole. Ipo njia ya zamani ya ng'ombe, ngumu kama sakafu, inayokata porini na kutokea nyuma ya shamba letu la mihogo. Haipiti kwa Masele. Siku ya kwanza niliipita kwa sababu nilichelewa kweli. Siku ya pili niliipita kwa sababu ya siku ya kwanza. Baada ya hapo sikutafuta sababu.

Nilikuwa nafika saa kumi jioni, jua bado kali. Nkwimba alikuwa shambani kwenye mihogo, ananisikia kengele, anakuja kunipokea. Alinipangusa vumbi la mgongoni kwa kiganja, pa, pa, pa. Naikumbuka siku moja alipojipiga mkononi na kusema, "Umeniletea zawadi gani hii inayouma?" Nami nikamjibu, "Hao ni wapambe wangu. Karani mkubwa hasafiri peke yake."

Alicheka. Neno hilo nalisikia mpaka leo.

Pamba ilipokuwa inachumwa nikatokwa na kidonda kwenye bega, chekundu, kigumu, mfano wa jipu lisilotaka kuiva. Halafu homa. Nikadhani ni malaria kama kawaida, nikameza vidonge, homa ikaondoka, ikarudi, ikaondoka, kama mgeni aliyesahau fimbo yake. Nyuma ya shingo nikaota vinundu. Kichwa kiliuma hata kofia ilikuwa mzigo. Asubuhi moja ofisini niliandika jina la mtu mmoja mara nne, mabosi wakadhani nimelewa, nikapelekwa hospitali.

Pale ndipo nilipokutana na benchi. Na nilipokutana na dresa Petro, msaidizi wa daktari, kijana mpole aliyekuwa na sauti ya mtu anayesoma sala. Alinichoma kidole, akachoma kinundu cha shingoni, akainamia darubini muda mrefu. Kisha akaniita nitazame. Niliona vidudu vyembamba vinajinyonganyonga kati ya chembe za damu yangu, vina furaha sana.

"Ni malale," akasema. "Lakini umewahi. Bado hayajapanda kichwani. Sindano sita, moja kila wiki, utapona."

Nilianza kulia, kisha nikafanya mzaha ili asione. Akachukua kadi yangu na kalamu.

"Unakwenda kazini kwa baiskeli?"

"Ndiyo."

"Unapita kizuizini?"

Hapa, ndugu msomaji, nakuomba usikilize. Kukwepa kizuizi lilikuwa kosa. Mtu aliweza kupelekwa barazani. Lakini naomba nisijifiche hapo. Sikuogopa baraza. Niliona aibu tu, mtu wa darasa la kumi aonekane amefanya ujinga ambao hata wachunga ng'ombe hawafanyi.

"Kila siku," nikasema. "Asubuhi na jioni."

Petro akaandika. "Basi mbung'o wamekuuma huko porini au mgodini. Afadhali. Ungekuwa hukaguliwi tungeita nyumba nzima waje kupimwa damu."

Alisema hivyo, wazi, kwa Kiswahili safi. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Sindano ya kwanza haikunifanya kitu ila kutapika. Ya pili ilinishika nyayo: ziliwaka kama nimesimama juu ya majivu ya moto, nikatembea wodini kama kuku. Ya tatu ngozi ya viganja ikaanza kubambuka, nikawa naivua kama gome la mti na kuificha chini ya godoro. Nilikonda hata pete ya ndoa nikaifunga kwa uzi. Lakini homa haikurudi, na mchana nilianza kukaa macho. Rehema ndogo zilikuwepo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, Mzinza mmoja mzee, alinipa nusu ya samaki wake mkavu kila alipoletewa, bila kuniuliza jina. Jua la asubuhi liliingia dirishani na kukaa miguuni pangu mpaka uji ufike.

Nkwimba alikuja kila wiki kwa lori la pamba, Limi mgongoni, kapu kichwani. Wiki ya sindano ya nne nilimwona uso umejaa, mashavu yamevimba, macho madogo.

"Mama Limi, nikiwa sipo unanenepa," nikamwambia. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakumaliza."

"Nimechoka tu," akasema.

"Umechoka kula."

Wodi nzima ikacheka. Wiki ya sindano ya tano alisema ugali umemwungulia mara mbili kwa sababu alisinzia mbele ya jiko. Nikamwuliza kama ameolewa na mimi au ameolewa na mkeka. Wagonjwa wakalipenda neno hilo, wakawa wanamwita Bibi Mkeka. Alitabasamu, lakini upande mmoja wa tabasamu ulichelewa.

Je, sikujua? Nimejiuliza mara nyingi. Nilikuwa na malale mwenyewe, nimelala kati ya wenye malale ishirini, nyuso zao zimevimba hivyohivyo. Nadhani nilijua, na kila nilipokaribia kujua nikatafuta mzaha mwingine.

Siku ya sindano ya sita, ya mwisho, alinisubiri kwenye benchi nje, amepakata sahani ya karanga. Nilipotoka nikamkuta amelala amekaa, mdomo wazi, na karanga zinamwagika moja moja chini. Limi alikuwa anaziokota na kumrudishia mamaye mapajani, zinamwagika tena. Petro alitoka nyuma yangu. Akasimama. Akamshika Nkwimba shingo kwa vidole viwili, polepole, kama anayepima tunda.

"Huyu ni nani wako?"

"Mke wangu."

"Amekuwa hivi tangu lini?"

Nikasema sijui, kisha nikasema tangu sindano ya nne, kisha nikasema tangu kabla. Walimlaza ubavu, wakamtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano ndefu, nami nikimshika magoti. Maji yenyewe yalikuwa na majibu. Malale yalikwisha kupanda kichwani. Limi alipimwa; damu yake ilikuwa safi, na hiyo ndiyo rehema kubwa kuliko zote zilizomo humu.

Nikamfuata Petro kwenye chumba cha dawa, nikafunga mlango.

"Sikuwa napita kizuizini," nikasema. "Sikupita tangu wiki ya tatu. Napita njia ya ng'ombe. Nawaleta mpaka mlangoni."

Hakugomba. Angegomba ningepata nafuu. Aliitafuta kadi yangu, akalikata lile neno lililoandikwa, akaandika jingine juu yake.

"Ungesema siku ile," akasema, "angepona kwa sindano kama zako. Sasa atapata ile nyingine."

Ile nyingine sitaisimulia sana, maana huenda wewe au mtu wako anaingojea, na wengi hupona. Inaingia mshipani na inaunguza njia nzima. Hutolewa siku tatu mfululizo, kisha mgonjwa hupumzishwa, kisha tena. Wapo ambao dawa yenyewe huwaua kabla ya ugonjwa. Daktari alituambia hivyo kwa uwazi, akataka ndugu wa damu awepo.

Ndivyo alivyokuja mama mkwe wangu. Kwetu Usukumani mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni wala hawaongei ana kwa ana, kwa heshima. Alikaa upande wa pili wa kitanda, amenipa mgongo, kanga kichwani, na kila neno alilipitisha kwa Limi, mtoto wa miaka minne, nami nikiwa hatua mbili.

"Limi, mwambie baba yako aje ale."

Limi alinigeukia. "Baba, ule."

Duru ya kwanza Nkwimba alitetemeka mikono na hakumjua mtu. Aliniita kwa jina la kaka yake. Duru ya pili akapata degedege, wakamfunga kwa shuka kitandani, na kwa siku mbili hatukujua kama atabaki. Mvua za kwanza zilikuwa zinapiga bati. Ndipo mama mkwe aliposema, bila kugeuka:

"Limi, mwulize baba yako. Hivi huu ugonjwa binti yangu kautoa wapi? Haendi porini. Hachungi ng'ombe. Kuna watu kijijini wanasema amefanyiwa. Nataka nijue nimpeleke kwa mganga, au nimwache hapa."

Limi alinitazama. Lile swali lilikuwa refu mno kwake. "Baba," akasema, "Nyanya anauliza."

Ningenyamaza tena, mama angemchukua binti yake katikati ya dawa, na angefia njiani. Hilo nililiona wazi kama ukuta. Nikausemesha ule mgongo wenye kanga, nikimwita Mayu, yaani mama.

"Mayu, ni mimi. Niliwabeba mbung'o kutoka porini kwa sababu sikutaka kukaguliwa. Halafu nikaulizwa, nikadanganya. Hakuna aliyemfanyia kitu isipokuwa mimi. Mwache hapa, Mayu."

Aliivuta kanga yake kichwani, akaikaza. Mwishowe akasema, "Limi, mwambie baba yako nimesikia." Tangu siku ile hakunipitishia neno la chakula. Aliweka bakuli karibu na mguu wa kitanda, nikalitafuta mwenyewe.

Lakini hakumwondoa binti yake. Duru ya tatu ilikwisha, na asubuhi moja Nkwimba alifumbua macho akaomba uji wa ulezi, akalalamika hauna ndimu. Nikatoka mbio kutafuta ndimu.

Nilimwambia yote alipoweza kukaa. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, kwa mpangilio wa kikarani. Yeye alikuwa anajifunza upya kushika kijiko. Mkono wa kulia bado ulicheza.

"Wale wapambe wako," akasema.

"Ndiyo."

"Na Bibi Mkeka."

"Ndiyo."

Akanywa uji kidogo, mwingine ukamwagika. Nilipotaka kumfuta akausogeza mkono wangu.

"Wangapi wanapita njia ile?"

Sikuwa nimefikiria. Lakini nilipofikiria niliona: mara ya kwanza njia ile haikuwa na alama ya baiskeli ila yangu, na nilipougua ilikuwa na alama nyingi, nene, za baiskeli za kawaida. Walikuwa wamefuata mchoro wa gurudumu langu. Karani anapita hapa, basi pana usalama.

"Nenda nyumba kwa nyumba," akasema. "Usiwatanie. Waambie kama ulivyoniambia mimi."

"Nitakwenda. Mama Limi, na wewe unanisamehe?"

Ulimi wake ulikuwa bado mzito, kwa hiyo maneno yalitoka moja moja.

"Daktari amenikataza kazi nzito mpaka mvua za mwakani," akasema. "Na hiyo ni kazi nzito."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nilianza kwa Mzee Masele, nikaingia bandani bila kuambiwa niiname. Hakunitania siku hiyo, na lile lilikuwa gumu kuliko mzaha. Watu wanane walikubali kwamba wamepita njia ile. Mmoja alinifukuza. Wake wawili wa watu hao walikutwa na wadudu damuni, bado mapema, wakapata sindano sita na nyayo za moto, nami niliwapelekea maji ya kuoshea miguu. Baiskeli bado ninayo. Inapita kwa Masele, inazama mchangani, naisukuma, watu wananipa pole.

Basi wewe uliye kwenye benchi: ukiulizwa ulipitia wapi, sema ulipitia wapi. Sema kabla hujachomwa kidole. Na mtaje kila mtu anayelala chini ya paa lako, hata yule unayemwona mzima, hata yule anayekuchekesha. Aibu ni ya siku moja tu. Mimi niliikimbia, na mke wangu ndiye aliyelipia.

Mvua za mwaka uliofuata zilichelewa, kisha zikaja kwa pamoja. Nkwimba aliamka mapema, akachukua jembe lililokaa mwaka mzima, akaenda kwenye shamba la karanga. Nilimfuata kwa macho kutoka mlangoni. Alilima mstari mmoja, akasimama akishikilia mpini, akalima wa pili. Mkono ulicheza kidogo lakini jembe lilikwenda lilikotumwa. Saa sita alirudi, matope mpaka magotini, akaketi kizingitini kando yangu. Nikamkabidhi maji. Alikunywa yote, nami nikamtazama, nimengoja jibu lake mwaka mzima.

"Usinitazame hivyo, Baba Limi," akasema. "Leo nimelima tu."